Mwamerika, Mujapani na Gurudumu Lililompita Bauma

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya saa nne asubuhi, nikarudishwa saa tano. Kosa langu lilikuwa kuuliza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka shule ya ufundi upande wa Bukavu, na cheti changu nilikuwa nimekikunja ndani ya kitabu cha nyimbo cha mama ili kisilowe katika boti. Garaji ilikuwa ya misheni moja hapa Goma. Shefu wa Garaji, muzee mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kumwona ameivua, alinipeleka moja kwa moja mbele ya ukuta wa zana.

Ukuta ule nauona hata leo nikifumba macho. Kila kle, yaani spana, ilikuwa na msumari wake, na nyuma ya kila kle umbo lake lilikuwa limechorwa kwa rangi nyeupe. Jioni kila kle ilirudi juu ya kivuli chake. Kivuli kimoja kikibaki kitupu, hakuna aliyekwenda nyumbani mpaka kle ionekane. Namba zake zilikuwa za milimeta: kumi, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na saba, kumi na tisa. Chini ya ukuta palikuwa na kasha jekundu la kle lililofungwa kwa kufuli.

"Shefu," nikasema, "juu ya nini kle za hii kasha haziko ku ukuta?"

"Wewe ulikuja kutumika, ao ulikuja kuhoji watu?"

"Nilitaka tu kujua, Shefu."

"Basi rudia kwenu, ujue ukiwa kule."

Saa tano akanikuta nimeketi nje ya lango, juu ya makoro, yale mawe meusi ya mlima wa moto ambayo ndiyo sakafu ya mji wetu. Mikono yake ilikuwa imejaa mafuta, kazi ilikuwa imemshinda peke yake. Akasema, "Kuya, Juu ya Nini." Kwetu "juu ya nini" ni "kwa nini", na jina likanigandia. Wajukuu wangu hapa mtaa wa Mapendo hawajui kwamba nina jina jingine la ubatizo.

Kasha jekundu lilikuwa la Mwamerika. Misheni ilikuwa na magari mawili ya kazi, nasi tuliyaita kama tunavyowaita watu. Mujapani alikuwa mrefu, mwenye motere ya mazuti, yaani dizeli, mwembamba wa kiuno, mwenye kukohoa kila asubuhi kisha akafanya kazi mpaka jioni bila kulalamika. Mwamerika alikuwa mpana, wa petroli, mwenye silinda nane na bati zito ambalo likigonga ukuta, ukuta ndio unaoomba msamaha. Alikuja pamoja na padri mmoja mgeni kutoka kwao, na kasha lilikuwa na kle za nchi yake. Huko hawapimi kwa milimeta. Wanapima kwa inchi na vipande vya inchi: nusu, robo tatu, na mengine yanayomtaka fundi arudi shule ya msingi.

Padri yule alipomaliza miaka yake akaacha gari, akabeba kasha. Nilimuuliza juu ya nini. Alinijibu bila kukasirika kwamba kle zile zilikuwa za marehemu baba yake. Nilimwelewa. Lakini sikuelewa siku ile kwamba alikuwa anaondoka na nusu ya gari.

Tangu hapo tukamtengeneza Mwamerika kwa kle za ukutani. Na hapa vijana wanaosoma haya wanisikilize vizuri, kwa sababu ndipo habari yote inapoanzia. Kle ya kumi na tatu inaingia juu ya kichwa cha buloni, yaani bolti, ya nusu inchi. Inaingia, ila inacheza kidogo. Ukiikaza kwa nguvu, inakula pembe za kile kichwa, na mara ya nne au ya tano kichwa kimekuwa duara na hakishikiki tena. Mimi nilihisi mchezo ule mkononi. Nikamwambia Shefu. Akatoa sheria ambayo iliongoza garaji yetu kuliko Injili:

"Kama inaingia, njo yenyewe."

Kwa sheria hiyo, kwamba kinachoingia ndicho chenyewe, Mwamerika akaanza kuugua. Leo kifuniko hiki kinavuja, kesho kile kinalia. Nasi kila mara tulitikisa kichwa na kusema gari za Amerika hazina maisha marefu, ni za barabara za lami, hazijui milima ya Masisi. Mujapani alipovunja resori, zile springi za chini, tulisema barabara ni mbaya. Mwamerika alipolegea buloni, tulisema gari ni mbaya. Huo nao ulikuwa ubaguzi, ila hakuna aliyetuhubiria juu yake.

Sisemi Mujapani hakuwa na sifa. Nimemfungua na kumfunga miaka mingi, namjua mpaka utumbo. Kwa kle tano unamvua nguo zote. Akikosa kipande, unashuka Birere, unapita maduka matatu, cha nne wanacho, kama si kipya basi kimetolewa kwa ndugu yake aliyekufa. Mwamerika akikosa kipande, tuliandika barua, tukangoja mpaka tukasahau tulichokuwa tunangoja. Na kiu yake! Kutoka Goma kwenda Masisi na kurudi alikunywa petroli ambayo ingempeleka Mujapani mara mbili. Lakini fremu yake, ule mgongo wa chuma unaobeba kila kitu, haikupata ufa hata mmoja siku zote nilizomjua, wakati ya Mujapani tuliichomelea mara tatu. Nilikuwa nalala chini yao kwa zamu na kujiuliza: nani atadumu zaidi?

Shofere wa Mwamerika aliitwa Bauma, mtoto wa wafugaji wa milima ya Masisi, mpole, mwenye kuongea na gari kama anaongea na ng'ombe wa kukamua. Alikuwa na desturi ambayo mashofere wote wa wakati ule walifundishwa. Ukitoka Goma, makoro yanatikisa gari mpaka kila kitu kinalegea. Kwa hiyo ukifika Sake, kabla ya kupanda mlima, unasimama, unashuka, unakaza ekru za magurudumu moja moja. Ekru ni zile nati zinazobana gurudumu lisitoke. Wengine waliruka desturi hiyo wakiwa na haraka. Bauma hakuruka hata siku moja, hata mvua ikinyesha.

Wiki moja Mwamerika aliletwa kwangu na gurudumu la nyuma, la kushoto, limechoka. Magujoni yake, zile buloni tano zinazotokeza nje ambazo ekru hujikaza juu yake, yalikuwa yameisha mistari. Mistari ni ile michoro inayozunguka chuma ili ekru ipande. Magujoni ya Amerika hatukuwa nayo. Birere nilipata matano ya gari dogo la Kijapani, mapya kabisa, yanang'aa. Nikayapiga kwa nyundo kidogo, yakakaa. Nikachukua ekru zilezile za zamani za Mwamerika nikazijaribu juu yake. Zilipanda kwa vidole, laini, bila kusumbua. Laini kuliko kawaida.

Nilisimama na ekru mkononi. Mimi, Juu ya Nini, nilijiuliza kwa nini inapanda rahisi hivi. Shefu alikuwa anapita.

"Inaingia?"

"Inaingia, Shefu. Inaingia bila hata..."

"Basi njo yenyewe. Funga, Bauma anangoja."

Nikafunga. Nikakaza kwa bomba refu mpaka mgongo ukalia. Katika maisha yangu yote ya kuuliza, swali lile moja nililimeza.

Bauma alikwenda safari mbili salama. Ya tatu alikuwa anarudi na mzigo wa fromaji, yaani jibini, za Masisi na mama wawili wa kanisa walioketi mbele. Alikuwa amekaza alipopita Sake wakati wa kwenda, kama kawaida yake, na akakaza tena kule juu kabla ya kushuka. Katikati ya mteremko gurudumu la nyuma lilitoka. Mwamerika alijikokota kwa chuma mpaka akajilaza kwenye ukingo wa barabara. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Mama mmoja alivunjika mkono, na ng'ombe wa watu akavunjika mguu alipogongwa na gurudumu huko chini.

Siku ya pili tuliitwa mbele ya Padri Prokireri, yule aliyesimamia mali yote ya misheni. Alikuwa mwenye haki, nasema kweli, ila alikuwa na haraka ya kumaliza jambo.

"Nani alifunga ile mupira ya nyuma?"

"Ni miye, Padri."

"Ulikaza?"

"Nilikaza, Padri. Sana."

Shefu wa Garaji akathibitisha, na haikuwa uongo. Padri akamgeukia Bauma.

"Na wewe?"

"Padri, nilikaza ku Sake, nilikaza na kule juu, zote tano. Mungu ananiona. Halafu ku muteremuko naona mupira inanipita upande wa kushoto. Najiuliza, hii mupira ni ya nani? Kumbe ni yangu."

Watu walicheka. Hata Padri alikaribia kucheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomwangusha Bauma, kwa sababu mtu akishachekwa hasadikiki tena. Padri alisema, "Ekru yenye kukazwa haitoke yenyewe. Hukukaza, Bauma." Bauma alirudia, "Nilikaza." Akanyang'anywa usukani, akapewa kazi ya zamu langoni. Wenzake walikuwa wakipita na gari wanapiga honi na kumuuliza, "Bauma, ulikaza lango?" Alivumilia miezi michache, kisha akarudi kwao milimani. Hakuendesha tena gari la mtu yeyote, nani angempa?

Mwamerika naye alihukumiwa. Walisema si wa kuaminika. Aliuzwa kwa bei ya chuma kwa wahunzi, wakati Mujapani, mzee kuliko yeye, alipata mnunuzi aliyelia kwa furaha. Resori za Mwamerika zikawa majembe. Nilinunua moja. Bado tunalo nyumbani na halijapinda.

Kabla hajakatwa nilitoa ekru moja iliyokuwa imekwama kwenye tundu la gurudumu lile, nikatoa na gujoni moja, nikavitia katika kasha langu la zana. Sikujua kwa nini. Mkono ulijua.

Miaka ikapita. Misheni ilifunga garaji yake, nami nikaajiriwa na shirika moja la kule Himbi, lenye magari mengi meupe, yote ya Kijapani, yamepangwa kama wanafunzi kwenye mstari. Mkuu wa magari alikuwa mwanamke kutoka upande wa Butembo, ambaye sote, hata wenye mvi, tulimwita Madame Shefu. Siku moja alinikuta najaribu buloni kwenye tundu.

"Papa, unafanya nini pale?"

"Naona kama inaingia, Madame."

"Apana. Hapa hatusemake inaingia. Hapa tunapima."

Akatoa mfukoni kitu ambacho, na umri wangu wote, nilikuwa sijakishika. Ni chanuo la chuma lenye majani membamba yanayokunjwa kama kisu cha mfukoni, na kila jani lina meno yake. Unaweka meno juu ya mistari ya buloni, na jani lililokaa bila kuacha mwanga ndilo linalokwambia namba ya mistari ile. Jani moja ni la milimeta, jingine la inchi. Nilifurahi kama niliyepewa baiskeli. Wiki nzima nilipima kila kitu: buloni, vifuniko vya chupa, hata miguu ya kitanda.

Kisha nikakumbuka kilichokuwa chini ya kasha langu. Nilipima gujoni: lilikubali jani la milimeta. Nikapima ekru: ikakubali jani la inchi. Mistari ya hivi vitu viwili ilikaribiana kama mapacha, lakini hawakuwa mapacha, na tundu la ekru lilikuwa pana kidogo kuliko gujoni, kwa kipimo kisichofika unene wa ukucha. Ndiyo maana ilipanda laini. Ilikuwa imeshikilia kwa ncha tu za mistari. Nikatazama ndani ya ekru kwa taa: mistari ilikuwa imelala, imelambwa. Na kila aliyeikaza zaidi aliimaliza zaidi.

Kila aliyeikaza zaidi. Niliketi chini garajini. Bauma hakuangushwa na uvivu, aliangushwa na bidii. Shofere mzembe asiyeshuka Sake angefika nyumbani, labda hata mwezi mzima angefika. Na Mwamerika hakufa kwa ugonjwa wake, alikufa kwa dawa yetu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Ningependa kuwaambia kwamba nilipanda pikipiki siku ileile kwenda kumtafuta Bauma. Sikwenda. Nilisema barabara ya Masisi si salama, na ilikuwa kweli. Nilisema Bauma labda amekwisha kufa. Nilikuwa fundi mkuu wakati huo, vijana wa kazini waliniita Mwalimu, na niliogopa kushuka kutoka kwenye kiti kile. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilificha miaka minne, mpaka nikastaafu. Walinipa keki, saa ya ukutani, na Madame Shefu akaniachia lile chanuo. Nilipolipokea alisema kwa sauti ya chini, "Uzidi kupima, Papa." Hakujua ananichoma wapi.

Leo niko nyumbani Mapendo. Malango mengi ya mashirika ya Himbi yamefungwa, magari meupe hayaonekani kama zamani, na vijana wanapita kuniuliza: "Papa Juu ya Nini, tununue gari gani, ya Kijapani ao ya Kiamerika?" Bado nawaambia wanunue la Kijapani. Lakini sasa najua kwa nini nasema hivyo. Si kwamba chuma cha Wajapani kina baraka. Ni kwamba mji mzima unalijua gari lao: kle zetu ni zake, Birere ni ghala lake, mikono yetu imelelewa naye. Gari linadumu pale linapojulikana, na thamani yake ni idadi ya watu wanaoweza kulitibu bila kubahatisha. Mwamerika kwao labda anazeeka vizuri na anaachiwa wajukuu. Ningetamani kwenda kuona. Kabla ya kuuliza kama gari ni zuri, muulize fundi wako ana kle gani.

Mwaka huu nilisikia kanisani kwamba kuna muzee Bauma, aliyekimbia kutoka milimani na familia yake, anakaa Keshero, hapahapa Goma. Jumapili hiyo sikula. Jumatatu asubuhi nilifunga ekru, gujoni na chanuo katika kitambaa, nikaenda.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye benchi, anamimina mafuta ya mawese kutoka bidoni, yaani dumu, kubwa kwenda ndogo. Amezeeka, lakini mikono ni ileile ya kushika usukani. Alinitazama sana.

"Juu ya Nini!"

"Ni miye, Papa Bauma."

Hatukuzunguka. Nilifungua kitambaa juu ya benchi, nikamwonyesha. Niliweka jani la milimeta juu ya gujoni, kisha juu ya ekru, aone linavyoacha mwanga. Nikampa ekru aipandishe mwenyewe. Ikapanda laini. Nikamwambia aivute bila kuizungusha. Ilichomoka mkononi mwake kama kifuniko cha sufuria. Nikasema kila kitu: magujoni ya Birere, swali nililolimeza, na miaka yote niliyoficha nikijua.

Akawa anaichomeka ekru na kuichomoa, anaichomeka na kuichomoa.

"Kwa hiyo nilikazaka," akasema.

"Ulikaza, Papa. Ulikaza kuliko sisi wote."

"Unajua nini, Juu ya Nini? Mwanzo nilikuwa na hakika. Miaka kumi nilikuwa na hakika. Halafu batu balisema, balisema, na mi nikaanza kujiuliza usiku: labda kweli sikukaza. Labda ilikuwa siku ingine njo nilikaza. Nilikuja kusadiki kama ni miye nilivunja ule mama mukono." Akafuta uso kwa mkono wenye mafuta. "Ile gari ilikuwa nzuri, wewe. Walimuonea."

"Tulimuonea. Na wewe tulikuonea. Unisamehe."

Mara mke wake akatoka jikoni na sahani ya mihogo. Mama huyu sikuwahi kumwona. Akanisalimu vizuri, akaweka sahani, kisha akanyanyua ile bidoni ya mafuta ili aiweke pembeni. Kabla ya kuilaza akasimama, akamtazama mume wake kwa tabasamu la mtu aliyerudia utani mmoja kutoka ujana hadi uzee.

"Papa, kifuniko ulikaza?"

Bauma alicheka, na machozi yakatoka pamoja na kicheko. Akaninyooshea kidole.

"Nilikaza, mama. Hata ile siku nilikaza. Muulize huyu."

Mama akanigeukia na bidoni mikononi. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa nauliza. Nikavua kofia.

"Alikaza, mama," nikasema. "Mi njo niliweka mbaya."